Mtoto wa Paka Aliyeachwa na Mamaye: Haki Yake Kwetu na Jinsi ya Kumlea

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake.

Wasomaji wetu, mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo baadhi ya watu wataliona dogo, tena pengine watacheka wakisoma anwani yake. Watasema: Je, Waislamu wamekwisha maliza mambo yao yote, hata sasa waandikiane habari za watoto wa paka? Twawajibu kwa upole kwamba dini yetu haikumfundisha mtu kupima jambo kwa ukubwa wa mwili wa yule anayehusika nalo. Katika Sura ya Al-An'aam tumefahamishwa ya kuwa wanyama watembeao katika ardhi na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma mfano wetu sisi. Basi aliye katika umma ana haki, na mwenye haki ana wa kumdai.

Tena jambo hili tumelijua kwa kuumia. Si jambo tulilolisoma tu vitabuni.

YALIYOTUPATA NGARA

Tulikuwa tukikaa katika wilaya ya Ngara, katika ile nchi ya vilima iliyopakana na Rwanda na Burundi. Waijuao nchi ile wajua kwamba usiku wa masika baridi yake huingia hata chini ya blanketi. Jioni moja, baada ya sala ya Magharibi, mvua ikinyesha, kijana wetu alirudi kutoka chuoni, kofia yake ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Ndani ya kofia mlikuwa na watoto wawili wa paka. Aliwaokota karibu na mashine ya kusaga, penye lundo la pumba zilizolowa. Mama yao alikuwa amelala amekufa kando ya barabara, amekanyagwa na gari. Watoto wale hawakuzidi siku kumi hivi, kwani macho yao ndiyo kwanza yameanza kufumbuka, mmoja jicho moja tu.

Nyumba nzima iliingiwa na huruma. Lakini huruma isiyokuwa na elimu ni kama taa isiyokuwa na mafuta: waishika mkononi, na njia huioni. Tulichukua maziwa ya ng'ombe yaliyobakia jikoni, yamepoa, tukamshika kila mmoja chali, kama ashikwavyo mtoto mchanga wa binadamu, tukamtilia maziwa kinywani kwa kijiko. Mdogo wao alikohoa, na maziwa yakamtoka puani. Tukafurahi kwamba ameshiba. Tukawaweka katika boksi la sabuni lisilokuwa na kitu ila gazeti, tukaenda kulala.

Asubuhi tuliwakuta baridi kama mawe ya mtoni, na wote wawili wanaharisha. Tukaongeza maziwa, kwa kudhani kwamba njaa ndiyo iwasumbuayo. Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, yule mdogo alikuwa akipumua kwa shida, kifua chake kikikoroma. Kisha akafa mkononi mwa kijana aliyemwokota.

Kijana hakulia. Alituuliza neno moja tu: "Baba, tutaulizwa?"

Wallahi swali lile lilitushinda kulijibu saa ile. Alasiri tulimchukua yule aliyesalia, tukaenda naye kwa bwana mifugo. Alimpima, akamtazama ufizi na ngozi, kisha akatueleza kwa upole kosa letu moja baada ya jingine. Mwenziwe, alisema, huenda hakuuawa na njaa wala na ugonjwa wa kutoka nje. Alikufa kwa maziwa yaliyoingia katika mapafu siku ya kwanza, na baridi, na kuharisha. Yaani aliuawa na wema wetu.

Tangu siku ile tuliazimia kwamba Mwenyezi Mungu akitujaalia, tutayaandika tuliyofundishwa, ili nyumba nyingine isije ikajifunza kwa bei tuliyojifunzia sisi.

DINI YASEMAJE?

Kwanza na tumjibu kijana.

Imepokewa na Bukhari na Muslim, katika hadithi ya Ibn Umar (R.A.), habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfunga hata akafa; hakumlisha wala hakumnywesha alipomfunga, wala hakumwacha akajitafutia wadudu wa ardhini. Wanavyuoni wameizingatia sana hadithi hii. Mwanamke yule hakumpiga paka wala hakumchinja. Kosa lake ni kwamba alimtia katika mamlaka yake, kisha akaacha kumtimizia haki yake. Kwa hiyo mtu anayemwingiza mnyama nyumbani mwake amejifunga. Ama amtunze, ama ampe mwenye kuweza kumtunza, ama amwache huru ikiwa aweza kujitafutia riziki.

Na huyu asiyeweza kujitafutia riziki? Hapa ndipo penye faida kubwa. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Malik wametaja katika vitabu vyao vya fiqhi mas'ala ya paka aliyepofuka akakwama katika nyumba ya mtu, hawezi kwenda pengine. Wamesema kwamba nafaka yake inakuwa wajibu juu ya yule ambaye paka amekwama kwake. Tazameni, ndugu zetu, jinsi mafakihi walivyoliangalia jambo hili! Paka si wa mtu yule, wala hakumnunua, ila kwa kuwa hana macho ya kumwongoza kwenda kwingine, haki yake imemwangukia mwenye nyumba. Basi mtoto wa paka ambaye macho yake hayajafumbuka, nasi wenyewe ndio tuliomleta nyumbani, hali yake ina tofauti gani na huyo?

Upande wa pili, imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) habari ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza khofu yake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamghufiria. Sahaba walipouliza kama wana ujira kwa ajili ya wanyama, Mtume (S.A.W.) aliwafahamisha kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, mna ujira. Naye Abu Huraira mwenyewe, mpokezi wa hadithi nyingi kuliko sahaba wote, jina hilo alilipata kwa sababu ya paka mdogo aliyekuwa akicheza naye alipokuwa akichunga mbuzi na kondoo wa watu wake, kama alivyopokea Tirmidhi.

Ama swali la kijana, jibu letu ni hili. Amali huhesabiwa kwa nia, na nia yetu ilikuwa njema. Twataraji msamaha wa Mola wetu. Lakini Qur'ani imetuamrisha tuwaulize wenye kujua tusipojua. Bwana mifugo alikuwapo siku ya kwanza kama alivyokuwapo siku ya tatu. Kutokujua si aibu. Aibu ni kukaa siku mbili bila ya kuuliza. Hilo ndilo tulilomwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, na kijana akasikia tukiomba.

JE, PAKA NI NAJISI?

Baadhi ya mama zetu huogopa kuweka paka nyumbani kwa sababu ya sala. Na wasiogope. Imepokewa katika Muwatta wa Imam Malik, na kwa Abu Dawud na Tirmidhi na wengineo, kwamba Kabsha binti Kaab alimtilia Abu Qatada (R.A.) maji ya kutawadhia, akaja paka akataka kunywa. Abu Qatada akamwinamishia chombo mpaka akanywa. Kabsha alipomtazama kwa mshangao, alimwambia kwamba Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzungukazunguka majumbani mwetu.

Basi mabaki ya kinywa chake ni tohara. Ama mkojo wake na mavi yake ni najisi, na yapasa kuosha palipoguswa. Nywele zake zinazopukutika, katika madhehebu yetu ya Shafi, chache husamehewa, hasa kwa mtu ambaye hawezi kujiepusha nazo. Mwenye kumlea mtoto wa paka na atenge nguo yake maalum ya kumshikia, akitaka kusali aivue, na mambo yote yatakuwa mepesi.

JOTO KWANZA, CHAKULA BAADAYE

Sasa tuje katika malezi yenyewe.

Mtoto wa paka huzaliwa na uzito wa kiasi cha gramu 100, kipofu na kiziwi. Macho hufumbuka baina ya siku ya 7 na ya 14. Katika wiki za mwanzo hawezi kujitia joto mwenyewe. Joto lake ni la mama yake na ndugu zake. Anapopoa, tumbo lake husimama kufanya kazi. Maziwa atakayopewa katika hali hiyo hayasagiki. Huganda na kuoza tumboni, au humrudia akayavuta mapafuni. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: usimlishe mtoto wa paka aliyepoa. Mtie joto kwanza, kwa taratibu, muda wa saa moja au zaidi, mpaka tumbo lake na kinywa chake viwe vuguvugu.

Namna ya kumtia joto si ngumu. Chupa iliyojazwa maji ya moto na kufungwa barabara, ikazungushiwa kitambaa kinene, na kuwekwa upande mmoja wa boksi, yatosha. Upande wa pili uachwe mtupu, ili akizidiwa na joto apate pa kukimbilia. Chupa ibadilishwe kila ipoapo. Katika wiki ya kwanza pahala pake panataka joto la kiasi cha nyuzi 30 hadi 32 za Selsiasi. Nyumba ya Ngara usiku wa masika haifikii joto hilo hata kidogo. Jiko la mkaa lisiwekwe karibu naye katika chumba kilichofungwa. Moshi wake waua watu, seuze paka.

MAZIWA NA UBAYA WAKE

Watu wengi huamini kwamba paka na maziwa ya ng'ombe ni marafiki. Maziwa ya paka yana protini karibu mara mbili ya yale ya ng'ombe, na mafuta yake ni mengi zaidi, lakini sukari yake ya maziwa, iitwayo laktosi, ni kidogo. Mtoto wa paka akinyweshwa maziwa matupu ya ng'ombe hupata kidogo anachokihitaji na kingi asichokiweza; tumbo hufunguka, akaharisha, akakauka maji mwilini. Maziwa ya mbuzi nayo hayako mbali na hayo.

Lililo bora kuliko yote ni kumtafutia paka mwingine anayenyonyesha. Neno la kunyonyeshwa na mama asiyekuwa mzazi si geni kwetu Waislamu. Mtoto asuguliwe kwa kitambaa alichokilalia yule paka, ili apate harufu yake, kisha atiwe katikati ya wenziwe mama akiwa ametulia. Paka wengi humkubali.

Asipopatikana, yako maziwa ya unga yaliyotengenezwa makusudi kwa watoto wa paka, yauzwayo katika baadhi ya maduka ya dawa za mifugo ya miji mikubwa. Na mtu akiwa mbali na miji, kama tulivyokuwa sisi, aweza kutengeneza maziwa ya dharura: robo lita ya maziwa yasiyoondolewa mafuta, yachemshwe, yakiwa bado moto, akorogee kiini kimoja cha yai, bila ya ute wake, na matone machache ya mafuta ya kupikia. Yachujwe, yapozwe mpaka yawe vuguvugu kama ngozi ya kifundo cha mkono. Hayo ni ya siku moja mbili, huku yale yafaayo yakitafutwa. Yasiwekwe kupita siku moja, na mabaki ya kila mlo yamwagwe.

Kiasi chake ni hiki. Mtoto wa siku kumi mwenye gramu 200 hivi huhitaji kama mililita 40 kwa siku nzima. Zikigawanywa milo minane, kila mlo ni mililita tano, nayo ni kijiko kimoja cha chai. Tumbo lake ni dogo kama jozi. Ukimjaza kwa huruma, umemdhuru. Katika wiki ya kwanza hulishwa kila baada ya saa mbili, ya pili kila saa tatu, ya tatu kila saa nne, mchana na usiku.

Na namna ya kumlisha: asishikwe chali hata mara moja. Akae kifudifudi, tumbo chini, kichwa kimeinuka kidogo, kama anyonyavyo kwa mama yake. Kijiko kiachwe, litumike bomba la sindano lisilokuwa na sindano, dogo, jipya, lililochemshwa. Maziwa yatiwe tone kwa tone pembeni mwa kinywa, naye ayameze mwenyewe. Yakimtoka puani, acha mara moja, mwinamishe kichwa, na umfute.

Jambo moja watu hawalijui kabisa. Mtoto wa paka wa chini ya wiki tatu hawezi kukojoa wala kwenda choo peke yake. Mama humramba, ndipo atoe. Asiyekuwa na mama, yapasa asuguliwe polepole chini ya mkia kwa pamba au kitambaa laini kilicholowa maji ya vuguvugu, kila baada ya kula. Wengi hufa tumbo limevimba, na watu hudhani wamelishwa vizuri.

Tulinunua daftari la shule, tukawa tukiandika saa ya mlo, kiasi, choo, na uzito. Mwenye duka wa jirani alituruhusu kumpima kwa mzani wake mdogo kila asubuhi. Mtoto mwenye afya huongezeka gramu 10 hadi 15 kila siku. Akikaa siku mbili bila ya kuongezeka, au akapungua, ni alama ya ugonjwa kabla macho ya mtu hayajauona.

Zamu za usiku tuligawana nyumba nzima. Kijana aliomba zamu ya mwisho, ile ya kabla ya alfajiri. Wazazi watafahamu tukisema kwamba kijana huyo alikuwa mzito wa kuamka kuliko gogo. Kwa wiki tatu zile, adhana ilimkuta macho, paka mkononi na udhu tayari.

WAKATI WA KUACHISHWA MAZIWA

Afikapo wiki nne huanza kuonja chakula laini, na afikapo wiki nane huwa ameacha maziwa. Hapa nyumba nyingi hukosea tena, kwa kumpa ugali mtupu uliochovywa mchuzi. Paka ni mla nyama kwa umbile lake. Mwili wake hauwezi kujitengenezea vya kutosha kitu kiitwacho taurini, ambacho hupatikana katika nyama na samaki, wala hakimo katika nafaka. Wataalamu walithibitisha katika miaka ya 1970 kwamba paka akikikosa kwa muda mrefu huharibika macho, na mwaka 1987 ikajulikana kwamba moyo wake pia huugua.

Wala hapana haja ya gharama kubwa. Watu wa Biharamulo na Ngara hupata dagaa wa Ziwa Viktoria sokoni. Wachambuliwe mchanga, wachemshwe bila ya chumvi, wapondwe, wachanganywe na ugali kidogo. Siku nyingine apewe maini kidogo, yai lililochemshwa, au nyama ya kuku isiyo na mifupa. Jambo la kutahadhari nalo ni vitunguu, vya maji na vya saumu. Hivyo huharibu damu ya paka, hata vikiwa vimepikwa katika mchuzi. Maji safi yawepo daima.

DAWA ZIUAZO

Mtoto wetu alipokuwa na wiki saba, watoto wamekwisha mwita Subira, tulisafiri naye kwenda kwa jamaa zetu Biharamulo, amelala kapuni njia nzima, tukapita Nyakahura na Lusahunga. Tulipofika, mwenyeji wetu, mtu mwema na mfugaji wa ng'ombe, aliona viroboto katika manyoya yake. Kwa ukarimu wake akaenda ndani akaleta chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Sisi tulikwisha nyosha mkono kupokea. Mama yake, bibi mzee aliyekuwa ameketi barazani na tasbihi, alisema: "Mwanangu, si hiyo iliyomuua paka wetu?"

Mwenyeji alisimama kimya. Kisha akatueleza kwamba paka wao alitetemeka usiku kucha baada ya kuogeshwa, na alfajiri wakamkuta amekufa, nao hawakujua sababu.

Sababu ni hii. Dawa nyingi za kuua kupe wa ng'ombe zina sumu za jamii ya pairethroidi au amitrazi. Ini la paka halina uwezo wa kuzivunja sumu nyingi ambazo miili ya wanyama wengine huzivunja. Kinachomwosha ng'ombe kupe humtia paka kifafa. Kwa sababu hiyo hiyo, vidonge vya paracetamol, ambavyo sisi hunywa kwa maumivu ya kichwa, ni sumu kali kwa paka. Kidonge kimoja chaweza kumuua paka mzima, na kipande chake chamtosha mtoto. Asipewe kabisa, hata akiwa na homa. Pia panya aliyekufa kwa sumu asiachwe pahala pa kuliwa na paka.

Viroboto vyenyewe si jambo la kudharau. Vikiwa vingi humnyonya mtoto damu mpaka ufizi wake uwe mweupe, naye akafa. Dawa yake kwa mdogo ni kitana chenye meno ya karibu, kila siku, na maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo ya kuogea, kisha akaushwe upesi. Matandiko yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Minyoo nayo huwaingia wengi kwa njia ya maziwa ya mama. Tumbo kubwa, mbavu nje na manyoya yaliyosimama ni dalili zake. Bwana mifugo hupima uzito, akatoa dawa kwa kiasi. Mtu asivunje kidonge cha binadamu kwa kukisia. Macho yaliyogandamana kwa usaha yafutwe kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na pamba yake. Na paka mwenye mafua akikataa kula, huenda hasikii harufu. Chakula kikipashwa moto kidogo, hula. Lakini akikaa siku nzima bila ya kula, au akaharisha damu, au akapumua kwa kinywa, basi asingojewe kesho.

KUWALINDA WATU WA NYUMBANI

Kumhurumia paka hakumaanishi kuwasahau watoto wetu. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika. Choo chake kitolewe kila siku, kwani vimelea viitwavyo toksoplazma, ambavyo vyaweza kumdhuru mtoto tumboni, huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuwa na nguvu ya kuambukiza. Mama mja mzito asiifanye kazi hiyo. Wako wengine nyumbani.

Kichaa cha mbwa humpata paka pia. Achanjwe atimizapo miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mnyama mwenye kushukiwa, jeraha lioshwe kwa maji yatiririkayo na sabuni kwa dakika 15, na siku hiyo hiyo aende hospitali apate chanjo. Ugonjwa huu ukidhihiri dalili zake, karibu hauna tiba.

Na ieleweke kuwa serikali nayo imeliangalia jambo hili. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kuwatesa. Lakini Mwislamu hangojei askari. Sheria yake imemtangulia kwa karne nyingi. Imesimuliwa kwamba Sultani Baybars wa Misri, katika karne ya 13, aliweka wakfu bustani karibu na msikiti wake, nje ya mji wa Cairo wa wakati ule, ili mapato yake yawalishe paka wasiokuwa na mwenyewe. Ikiwa mfalme mwenye vita vya pande zote alipata nafasi ya kuwafikiri paka, mtu mwenye nyumba na sufuria moja hakosi udhuru gani?

KWA VIJANA WETU

Twawausia vijana mambo matatu. La kwanza, mkiona watoto wa paka wametulia pahala pakavu, msikimbilie kuwaokota. Mama yao huenda amekwenda kuwinda. Tazameni kwa mbali saa chache, kwani hapana mlezi aliye bora kuliko yeye. La pili, mkimchukua, jueni mmechukua amana, wala si kitu cha kuchezea cha wiki moja. La tatu, ulizeni siku ya kwanza.

Subira sasa ni paka mkubwa. Usiku hulinda gunia la mahindi na la maharage, na tangu awepo panya hawakututoboa tena. Mchana hulala juu ya kofia ile ile aliyookotewa nayo, na kijana amekataa isifuliwe mpaka ijumaa. Nyuma ya nyumba, chini ya mgomba, ndipo tulipomzika ndugu yake. Kijana alichimba mwenyewe. Kila tupitapo pale twakumbuka kwamba kiumbe kile kilikuwa amana mikononi mwetu, nasi tulikipoteza kwa kutokuuliza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe makosa yetu tuliyoyajua na tusiyoyajua, atutie huruma nyoyoni mwetu na elimu pamoja na huruma hiyo, na awajaalie watoto wetu kuwa wenye kuwarehemu walio dhaifu, ili nao warehemewe. Amin.

Wabillahi tawfiq.